Nani Anamlisha Nani? Kodi za Marekani na Hesabu ya Majimbo

Ugomvi ulianzia kwenye kundi letu la WhatsApp la ukoo. Mtoto wa shangazi yangu anayeishi New Jersey alikuwa amesoma mahali kwamba jimbo la Kentucky hupokea kutoka Washington, yaani serikali kuu ya Marekani, fedha nyingi kuliko kodi inayotoka kwake, na kwamba New Jersey mambo ni kinyume. Akamwandikia dada yake wa Louisville: "Nyinyi wa Kentucky mnakula jasho letu." Dada mtu hakucheka. Anafanya zamu ya usiku kwenye ghala, anabeba maboksi mpaka alfajiri. Akaipiga picha karatasi yake ya mshahara, akaituma, na chini yake akaandika: "Haya kaka, nionyeshe hapo nilipokula cha mtu."

Kundi likanyamaza. Hata shangazi, ambaye haandiki kamwe bali hutusikiliza tu, alikuwa ameshaiona picha ile. Nikaombwa mimi nifafanue, kwa kuwa kila Februari ndiye ninayewasaidia kujaza fomu za kodi.

Swali lenyewe si la ukoo wetu peke yetu. Juni 2025 gavana wa California, Gavin Newsom, aliandika hadharani kwamba watu wa jimbo lake hulipa kodi inayozidi kile wanachorudishiwa kwa zaidi ya dola bilioni 80, na kwamba pengine umefika wakati wa kukata mrija huo. Maneno yakaenea, na wengi wakaamini kwamba kuna bomba linaloanzia Sacramento, makao makuu ya California, hadi Washington, na gavana ndiye ameshika koki. Bomba hilo halipo. Ili kuona kwa nini, tuanze na ile karatasi ya dada.

Analipwa dola 20 kwa saa. Kwa saa 40 hiyo ni dola 800 kwa wiki. Kabla fedha hazijamfikia, zinakatwa mara tano. Mstari wa kwanza ni kodi ya mapato ya serikali kuu, dola hamsini na kitu. Wa pili ni wa Social Security, yaani mfuko wa pensheni wa taifa: asilimia 6.2, sawa na dola 49.60. Wa tatu ni wa Medicare, bima ya afya ya wazee: asilimia 1.45, sawa na dola 11.60. Wa nne ni kodi ya jimbo la Kentucky. Wa tano ni kodi ya mji wa Louisville.

Mitatu ya kwanza ndiyo inayokwenda Washington, na ndiyo tunayoizungumzia hapa. Ile miwili ya mwisho hubaki nyumbani. Wengi huchanganya hapa. Utamsikia mtu akisema "Texas hakuna kodi", akimaanisha kwamba Texas ni mojawapo ya majimbo tisa yasiyotoza kodi ya mapato kwenye mishahara. Ni kweli, lakini kodi ya serikali kuu iko pale pale. Viwango vyake huanzia asilimia 10 hadi 37, na ni vile vile kuanzia Alaska hadi Florida. Mashine inayokata mshahara wa dada haiangalii anaishi jimbo gani inapokata ile mitatu. Inaangalia amepata kiasi gani.

Jambo moja halionekani kwenye karatasi ile. Kwa Social Security na Medicare, mwajiri naye huchangia kiasi kile kile kutoka mfukoni mwake. Dada anakatwa dola 61.20 kwa mifuko hiyo miwili, na mwajiri anaongeza dola 61.20. Zote hutumwa moja kwa moja kwa mamlaka ya kodi ya taifa, IRS, kama vile mwajiri wa Dar es Salaam anavyopeleka makato ya wafanyakazi TRA bila kupitia kwa mkuu wa mkoa.

Ndiyo maana nasema gavana hana koki. Katika mwaka wa fedha wa 2024, ulioisha Septemba 30, serikali kuu ya Marekani ilikusanya takriban dola trilioni 4.9. Karibu nusu ilikuwa kodi ya mapato ya watu binafsi, na zaidi ya theluthi ilikuwa makato ya mishahara ya namna ile ya Social Security. Kodi za makampuni zilikuwa kama sehemu moja ya kumi. Serikali za majimbo hazichangii kitu kwenye mfuko huo kwa jina la jimbo. Gavana akitaka "kukataa kulipa", kitu pekee alicho nacho mkononi ni makato ya wafanyakazi wa serikali yake mwenyewe, na kuyazuia hayo ni kuvunja sheria kama ambavyo mwajiri mwingine yeyote angeivunja.

Kwa hiyo ukisikia "New Jersey inalipa zaidi", isome hivi: New Jersey wanaishi watu wengi wenye vipato vikubwa, na kodi ya mapato humkata zaidi mwenye kipato kikubwa. Mhasibu wa New Jersey anayepata dola laki mbili na mhasibu wa Mississippi anayepata dola laki mbili hulipa kodi ya taifa ileile, familia zao zikilingana. Tofauti ni kwamba wahasibu wa namna hiyo ni wengi zaidi New Jersey.

Fedha zinavyorudi

Msomaji wa Kenya anayelijua pambano la kaunti atataka kuuliza: kanuni ya mgao ni ipi? Kenya kanuni ipo. Katiba ya 2010, kifungu cha 203, inasema kaunti zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na Seneti hupitisha kanuni ya kuzigawanya kati ya kaunti 47. Mwaka 2020 maseneta walikwama kwa wiki kadhaa, kikao baada ya kikao, wakivutana kati ya wenye watu wengi waliodai "mtu mmoja, kura moja, shilingi moja" na wenye ardhi kubwa na kiu ya muda mrefu ya maendeleo. Lile lilikuwa pambano la chungu kimoja, na kila kaunti ilikuja na bakuli lake.

Marekani hakuna chungu cha namna hiyo. Kiliwahi kuwapo kidogo: kuanzia 1972, chini ya Rais Nixon, Washington iligawia majimbo na miji fedha za kutumia watakavyo, lakini mpango huo ukafa 1986. Leo hakuna kifungu kinachosema Kentucky ipewe kiasi fulani kwa sababu ni Kentucky. Kila mpango una sheria yake, na fedha hufuata mtu, au kituo, au barabara, popote ilipo.

Sehemu kubwa kuliko zote humfuata mtu. Social Security na Medicare peke yake zilichukua zaidi ya theluthi moja ya matumizi yote ya mwaka 2024. Hizi huenda hasa kwa wazee, popote wanapoishi. Fikiria mwalimu aliyefundisha Dar miaka thelathini kisha akastaafu na kurudi Moshi. Pensheni yake ataipokea Moshi, atainunulia sukari Moshi, ataezekea nyumba Moshi. Hakuna mtu atakayesema Moshi inakula jasho la Dar. Lakini ukichora jedwali la "makato yametoka mkoa gani, pensheni zimelipwa mkoa gani", hivyo hasa ndivyo litakavyoonekana. Florida imejaa wastaafu waliofanya kazi New York na Ohio. West Virginia imezeeka kwa sababu vijana wake waliondoka kutafuta kazi kwingine, na kodi zao sasa zinahesabiwa huko walikokwenda.

Fedha nyingine hufuata kambi na maabara. Virginia ina Pentagon, makao makuu ya ulinzi, kule Arlington na kituo cha jeshi la majini cha Norfolk, kikubwa kuliko vyote duniani. New Mexico, jimbo la watu wapatao milioni mbili tu, lina maabara za Los Alamos na Sandia zinazoshughulikia silaha za nyuklia za taifa. Majimbo haya huonekana "yanapokea" sana. Je, mhandisi wa Los Alamos anakula, au anauza kazi yake kwa taifa? Mimi naona ni biashara kama biashara nyingine, ingawa sikatai kwamba mji unaozunguka maabara hunufaika na mishahara ile, na kwamba wabunge hupigana kufa na kupona ili kituo kisihamishwe.

Fungu la tatu ndilo hupitia mikononi mwa serikali za majimbo: fedha za barabara, shule za watoto maskini, na kubwa kuliko zote, Medicaid. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo penye kitu kinachofanana zaidi na kusawazisha majimbo kwa makusudi.

Medicaid ni bima ya afya ya watu wa kipato cha chini. Jimbo huiendesha, lakini gharama hugawanywa kati yake na Washington. Kiwango cha mgawanyo hutegemea wastani wa kipato cha wakazi wa jimbo ukilinganishwa na wa taifa. Jimbo likiwa na wakazi wenye kipato cha chini, Washington hubeba zaidi. Hakuna jimbo linalobebewa chini ya asilimia 50. New Jersey iko hapo hapo kwenye 50, pamoja na California, New York na Massachusetts. Kentucky hubebewa zaidi ya asilimia 70. Mississippi ndiyo ya juu kabisa, karibu asilimia 77.

Kwa hiyo mgonjwa wa kawaida wa Medicaid akitibiwa kwa dola 100, New Jersey inatoa dola 50 na Kentucky inatoa chini ya dola 30. Kaka yetu akisema hapa kuna msaada kutoka kwa walio nacho kwenda kwa wasio nacho, hajakosea. Sheria iliandikwa hivyo kwa kukusudia. Lakini kile kiwango cha chini cha 50 nacho ni zawadi kwa majimbo tajiri: kanuni ingeachwa ifanye hesabu yake bila kuzuiwa, baadhi yao yangebebewa chini ya nusu.

Tena lipo jambo ambalo wengi hawalijui. Sheria ya afya ya mwaka 2010, baada ya Mahakama ya Juu kuifanya hiari mwaka 2012, inaruhusu majimbo kuwaongeza watu wazima wa kipato cha chini kwenye Medicaid, Washington sasa ikilipa asilimia 90 kwa hao wapya, jimbo liwe tajiri au maskini. Kentucky ilikubali. New Jersey ilikubali. Majimbo kumi, yakiwemo Texas, Florida na Mississippi yenyewe, hayakukubali. Fundi wa Houston anakatwa kodi ya taifa kama kawaida, na sehemu ya kodi hiyo inalipia matibabu ya watu wa Louisville na wa Newark kule New Jersey, huku jirani yake wa Houston asiye na bima akikosa. Kukosa huko hakukuletwa na Washington. Kuliamuliwa Austin, makao makuu ya Texas.

Kalamu ya mhasibu

Sasa tuje kwenye yale majedwali ambayo kaka alisoma. Wa kwanza kuyafanya yajulikane sana alikuwa Daniel Patrick Moynihan, seneta wa New York, aliyeanza miaka ya 1970 kutoa taarifa za kila mara kuonyesha kwamba jimbo lake linatoa kuliko linavyopata. Siku hizi taasisi ya Rockefeller Institute of Government ya Albany, huko huko New York, huendeleza kazi hiyo, na huifanya kwa uangalifu. Siwatilii shaka. Tatizo ni kwamba mtu akichukua namba ya mwisho peke yake, hajui imepikwaje.

Chukua kodi kwanza. IRS huchapisha kiasi kilichokusanywa kila jimbo, na ni kawaida kumwona mtu akizitumia namba hizo mbichi. Lakini IRS yenyewe huonya kwamba fedha huandikwa pale mlipaji alipotoa anwani. Kampuni yenye makao makuu Arkansas na maduka nchi nzima inaweza kupeleka makato ya wafanyakazi wake wote kwa anwani ya Arkansas. Ni kama muda wa maongezi wa Safaricom: unaununua Lodwar, kodi yake inaingia vitabuni Nairobi, na mtu akija kusema Turkana haichangii chochote anakuwa amesoma anwani tu. Dada yetu wa Louisville, ambaye ghala lake ni tawi la kampuni ya jimbo jingine, huenda kwenye namba hizo mbichi hahesabiki Kentucky kabisa! Watafiti makini huzirekebisha, wakaangalia mtu anaishi wapi. Wanaogombana mtandaoni hawarekebishi.

Upande wa matumizi una mitego yake. Humana Military, yenye makao yake Louisville, huendesha bima ya afya ya familia za wanajeshi kwa kanda ya mashariki ya nchi. Mkataba wa namna hiyo ukiandikwa Kentucky, jimbo linaonekana limepokea mabilioni, hali daktari aliyelipwa yuko Florida au Virginia. Halafu kuna Fort Campbell, kambi kubwa ya jeshi iliyolala juu ya mpaka. Eneo lake kubwa liko Tennessee, lakini kwa kuwa posta yake iko Kentucky, anwani yake ni Kentucky. Askari analala Tennessee, barua yake inaandikwa Kentucky. Mshahara wake uuweke wapi?

Na kuna riba. Mwaka 2024 serikali kuu ililipa riba ya madeni iliyozidi hata matumizi ya ulinzi. Sehemu yake ilikwenda kwa wenye dhamana, yaani hati za mkopo wa serikali, walioko Japani, Uingereza na China. Hiyo utaiandika jimbo gani?

Deni ndilo hunifikisha kwenye kosa ambalo naliona kubwa kuliko yote katika mjadala huu. Watu huwaza kama kibubu: alichochukua huyu lazima kilitoka kwa yule. Lakini mwaka ule ule wa 2024 uliokusanya trilioni 4.9 ulitumia takriban trilioni 6.75. Kwa kila dola 100 za kodi zilitumika kama dola 137. Zile 37 hazikutoka New Jersey wala California. Zilikopwa. Mwaka 2020, wakati wa korona, nakisi, yaani pengo kati ya mapato na matumizi, ilipanda hadi dola trilioni 3.1, na karibu majimbo yote yakageuka "wapokeaji" kwa mwaka mmoja, hata yale yaliyozoea kulalamika. Hayakuwa yamelishwa na jimbo jingine lolote. Yalikuwa yamelishwa na mkopo ambao watalipa wote, wakiwemo watoto ambao bado hawajaanza kazi.

Nisimwonee kaka yetu. Malalamiko ya New Jersey yana mzizi wa haki, na Moynihan hakuwa mzushi. Viwango vya kodi havijali gharama ya maisha. Familia ya dola laki moja karibu na Newark inapanga nyumba kwa bei ambayo Mississippi ungeweza kulipia nyumba kubwa mara mbili, na bado inakatwa kodi ya taifa kama ile ya Mississippi. Sheria ya 2017 ikaongeza uchungu ilipoweka kikomo cha dola 10,000 kwenye kodi za jimbo na za majengo ambazo mtu anaweza kuziondoa kwenye kipato chake kabla ya kuhesabu kodi ya taifa, kikomo kilichowabana zaidi watu wa majimbo yenye kodi kubwa. Sheria ya 2025 ikakipandisha hadi dola 40,000 kwa wengi wao. Na kwenye Seneti, Wyoming yenye watu wasiofika laki sita ina viti viwili sawasawa na California ya watu milioni 39. Fedha zinapogawanywa kwa kura, majimbo madogo hayasahauliki.

Lakini kutoka hapo hadi kumwambia mbeba maboksi wa Louisville kwamba anakula jasho la mtu, ni safari ndefu. Na ni maneno yenye madhara. Sheria ileile ya 2025 inaanza kusukuma gharama za SNAP, ule msaada wa chakula, kwenda kwa majimbo. Kuanzia Oktoba 2026 majimbo yatabeba asilimia 75 ya gharama za kuuendesha badala ya 50, na mwaka unaofuata yale yenye makosa mengi katika malipo yataanza kuchangia hata fedha za chakula chenyewe. Ukishaaminishwa kwamba mkate wa Kentucky ni mali ya New Jersey, hutauliza nani atapungukiwa sahani. Nami najua ni rahisi zaidi kwa jimbo lenye matajiri wengi kuziba pengo hilo kuliko kwa kaunti za makaa ya mawe za mashariki mwa Kentucky, ambako migodi imefungwa na wachimbaji wa zamani wanaishi na vifua vilivyojaa vumbi.

Haya yote niliyafupisha kwenye kundi kwa ujumbe wa sauti wa dakika tisa. Mwishoni nikaongeza moja ambalo nilisita kidogo kulisema. Shangazi, mama yao, alifanya kazi New Jersey miaka 19 katika nyumba ya kulelea wazee, akiinua na kuogesha watu wazito kuliko yeye. Kila wiki alikatwa ile 6.2 na ile 1.45. Alipostaafu, pango la nyumba likamshinda, akahamia Louisville kwa binti yake ili pia awaangalie wajukuu usiku mama yao akiwa ghalani. Pensheni yake huingia benki Jumatano ya tatu ya kila mwezi. Medicare ilimlipia matibabu ya goti mwaka jana, kwenye hospitali ya Kentucky. Kwenye jedwali alilolisoma kaka, makato ya miaka 19 yako upande wa New Jersey, na pensheni na goti viko upande wa Kentucky.

Ilipita kama robo saa bila mtu kuandika. Kisha kaka akauliza: "Mama amelala?"

Dada akajibu: "Bado. Yuko jikoni anawapikia watoto uji."